Adui Mpya wa Kishindo

Penseli alikuwa anamwangalia tena. Wino hakuinua kichwa, maana angeinua tu, mdogo wake angejifanya anatafuta raba. Lakini kwa pembe ya jicho alimwona vizuri: anamtupia jicho, anachora kidogo, anamtupia jicho tena, kisha anaufunika mchoro kwa mkono kama mwanafunzi anayeogopa kuibiwa majibu. Siku ya tatu hiyo. Kwa miaka ishirini na miwili meza zao zilikuwa zimetazamana, na katika miaka yote hiyo Penseli hakuwahi kumtazama dada yake zaidi ya anavyoutazama ukuta.

"Uso wangu una nini?" Wino aliuliza.

"Hauna kitu, Dada. Nawaza tu."

"Basi waza huku ukiangalia dirisha."

Penseli akacheka, akaliangalia dirisha kwa utii wa kejeli, na baada ya dakika mbili macho yake yakarudi palepale.

Hawa wawili, tumbo moja, ndio waliokuwa wakitengeneza katuni ya Kishindo. Kama hukuwahi kuisoma, Kishindo ni mwanamke anayeponda kokoto mchana kutwa, na mambo yakiharibika mjini anavaa buti zake za chuma na joho jekundu, anapiga mguu chini, na ardhi inatii. Majumba ya wabaya yanapasuka katikati. Penseli ndiye aliyetunga visa na kuvichora kwa penseli. Dada yake, aliyemzidi miaka sita, alipita juu ya michoro hiyo kwa brashi na wino mweusi, kisha akaifuta penseli yote ili ibaki mistari yake peke yake. Kutoka kwake kurasa zilikwenda chumba cha pili kwa Mwalimu, mstaafu wa shule ya msingi mwenye mwandiko wa kuonea wivu, aliyejaza maneno ndani ya viputo. Juu yao wote alikuwepo Bosi, mhariri, ambaye kazi yake kubwa ilikuwa kuwaambia kwamba wamechelewa. Majina waliyopewa na wazazi wao yalibaki kwenye vitambulisho.

Sasa kuna jambo moja la ofisi ile ambalo wageni hawakuliamini mpaka walione. Wino alikuwa anatia wino bila kujua kisa. Hakutaka kuambiwa maneno, na hakutaka hata kurasa zipangwe. Sheria hiyo aliitunga mwenyewe, toleo la tano, baada ya kusoma mapema kwamba jambazi mmoja angekufa ukurasa wa kumi na tisa. Akajikuta anamtia wino kama maiti tangu ukurasa wa kwanza, na wasomaji wakacheka. Tangu hapo alisema, "Niletee picha tupu. Picha ikishindwa kusema yenyewe, maneno hayataiokoa." Penseli alikubali bila ubishi. Alikuwa anamletea kurasa ovyo, wa kumi kabla ya wa tatu, viputo vyeupe kama mayai, na dada yake anausoma mkono wake tu. Wachoraji wa majarida mengine walikuja kushangaa. Wino alijifanya hajali, lakini alijivuna, tena sana.

Toleo lililokuwa mezani safari hii lilikuwa la mia mbili, na Bosi alikuwa ameahidi wasomaji adui mpya. Alilisema mpaka kwenye ngazi: adui ambaye Kishindo hawezi kumpiga. Wino alilisikia akasonya. Kishindo alikwisha kumpasua mtu wa moshi, jitu lenye vichwa vinne na yule profesa wa barafu. Angetoka wapi mtu wa kumshinda?

Ukurasa wa pili ulimjibu.

Katika ukurasa wa pili Kishindo anafungua mlango wa nyumba yake, na mlangoni amesimama mwanamke mwenye koti refu. Ana kilemba kilichofungwa kwa fundo la pembeni. Ana miwani iliyoning'inizwa kwa kamba shingoni. Ana baka dogo chini ya jicho la kushoto na mwanya kwenye meno ya juu. Wino aliweka brashi chini. Akagusa fundo la kilemba chake, akagusa kamba ya miwani yake, na kwa ncha ya ulimi akagusa mwanya wake mwenyewe, kana kwamba alihitaji ushahidi.

"Nani huyu?" aliuliza.

"Si ulisema hutaki kuambiwa?" Penseli alijibu bila kumtazama. Safari hii ndiyo hakumtazama.

"Na ukurasa wa kwanza uko wapi?"

"Subiri. Huo utakuja wa mwisho."

Kurasa zilizofuata zilikuja moja moja, na kila moja ilimchoma. Ukurasa wa tano, yule mwanamke anamimina chai, Kishindo anacheka. Ukurasa wa nane, Kishindo amelala, na mwanamke anachomoa zile buti za chuma chini ya kitanda. Ukurasa wa kumi na moja, mwanamke yuko kwenye daraja amezivaa buti, anapiga mguu, na watu wanaanguka mtoni. Daima sura ni ileile, mwanya uleule. Wino hakuhitaji maneno. Mkono wa mdogo wake aliusoma tangu mdogo wake hajajua kuandika, na mkono huo ulikuwa unasema wazi: mtu uliyemkaribisha nyumbani, ukanywa naye chai, ndiye anayekuibia.

Hapo akakumbuka chai nyingine.

Miezi sita nyuma, mtu wa jarida jingine alimwalika kwenye mgahawa wa ghorofa ya chini. Alikuwa mtu mwenye maneno laini. Alimwambia brashi yake ndiyo Kishindo, penseli ni mapambo tu, na kwamba kwao kuna meza karibu na dirisha inamsubiri. Wino alikataa, aliiacha chai nusu kikombe na kurudi kazini. Lakini hakumwambia Penseli. Alijiambia kwamba hakuna la kusema, jambo limekufa. Ukweli ni kwamba yale maneno ya brashi yalimfurahisha, na aliona haya kufurahi.

Basi Penseli amesikia. Mtu amewaona pale mgahawani, maneno yametiwa chumvi, na sasa Penseli anaamini dada yake anataka kumkimbia na Kishindo kibindoni. Tangu hapo kila kitu kilijipanga kichwani mwa Wino. Penseli aliingia kwa Bosi wakafunga mlango, mlango ambao haujafungwa tangu kitasa kilipoharibika. Walikuwa wameuegemeza kiti. Alipopita karibu, sauti zilishuka. Mwalimu naye, mtu wa heshima zake, alimwona kwenye varanda akaanza kutabasamu peke yake, akakohoa, akageuza njia. Na siku Wino alipotafuta kisu cha karatasi kwenye droo ya mdogo wake, alikuta picha yake ya zamani, ile ya harusi ya Penseli, imebanwa kwenye ubao na kuchorwa mistari ya vipimo usoni.

"Macho yako yanaonaje siku hizi?" Penseli aliuliza siku hiyohiyo. "Hiyo miwani unaivaa ukitia wino tu, au hata ukisoma?"

"Kwa nini?"

"Nauliza tu, Dada."

Hakuna anayeuliza tu. Wino alijua anavyofukuzwa mfanyakazi mzee: kwanza wanakuuliza macho. Atamwaga unga akiwa na miaka hamsini na minne, na si hilo tu lililomuuma. Kazi angepata, meza ya dirishani ilikuwepo. Kilichomuuma ni kwamba mdogo wake, ambaye yeye ndiye aliyemfundisha kushika penseli na kumfunga kamba za viatu, alikuwa anamweka mbele ya wasomaji elfu thelathini kama mwizi, na anamtaka aitie wino aibu hiyo kwa mkono wake mwenyewe.

Ukurasa wa kumi na saba ndio uliomaliza subira yake. Kishindo, miguu mitupu, ameinua mguu juu ya yule mwanamke aliyeanguka. Anaweza kummaliza. Na analia.

"Machozi ya unafiki," Wino alisema kwa sauti. Penseli alikuwa ametoka kula.

Saa nane mchana, jua limejaa dirishani, Wino alichovya brashi. Hakutia hasira kwenye mkono. Mkono wake haukujua kutetemeka. Aliondoa kilemba, akaweka paji la uso lililojitokeza kama baraza. Akatanua masikio. Akaukata katikati unyusi wa kushoto, pale Penseli alipoumia utotoni alipoanguka kitandani. Mdomo aliupinda kidogo upande mmoja, upinde wa mtu anayecheka mgongoni mwako. Koti refu liliwafaa wote, mwanamume na mwanamke. Visanduku tisa vilikuwa na ile sura, vyote bado vya penseli, na katika visanduku vyote tisa adui wa Kishindo akawa Penseli mtupu. Kisha akachukua raba, akafuta penseli mpaka mwisho, akakung'uta takataka za raba, na kurasa akampelekea Mwalimu.

Mwalimu aliziangalia. Akamwangalia yeye. Akaziangalia tena.

"Haya," alisema taratibu. "Mambo ya ndugu hayo. Mimi naandika tu."

Siku hiyo Wino alitoka kazini mapema. Alitembea kwa miguu mpaka nyumbani, kichwa juu, na alipofika hakuweza kula.

Asubuhi yake, saa tano, Penseli aliingia meno yote nje. Mkononi alikuwa na kurasa zikiwa tayari zina maneno, na chini yake karatasi nyingine iliyofunikwa kwa gazeti. Alimzunguka dada yake mezani na kumkumbatia kwa nyuma. Penseli, ambaye hata msibani huwa anampa mtu mkono kwa mbali.

"Mwalimu amekwambia, eh?" alisema. "Nilimwapisha. Kumbe mzee mzima hana kifua hata cha wiki moja."

Wino alikaa kama kigingi. "Ameniambia nini?"

"Usijifanye hamnazo, Dada. Ungejuaje kama hakukwambia?" Akaweka ukurasa wa kumi na saba mbele yake. "Soma. Si kawaida yako, lakini huu usome."

Wino alivaa miwani. Katika kiputo cha kwanza Kishindo alisema: *Ungekuwa mtu mwingine yeyote ningekwisha kukusaga.* Adui akajibu: *Ndiyo maana sikuja kama mtu mwingine yeyote.* Na katika kiputo cha mwisho, kidogo, karibu na yale machozi: *Vua sura ya dada yangu.*

"Hapo Mwalimu atabadilisha iwe kaka," Penseli alisema, bado anacheka. "Anaitwa Mvaa Sura. Hana uso wake. Anakwenda kwa mtu unayemwamini kuliko wote duniani, anamgusa shavu, anaondoka na uso wake. Nimekaa nahangaika, nani atamshinda Kishindo? Nguvu anazo. Basi nikamtafutia mtu ambaye hawezi hata kumshuku." Akaondoa gazeti. "Huu ndio ukurasa wa kwanza. Nilitaka uuone wa mwisho, kama zawadi."

Ulikuwa bado wa penseli, bila kiputo hata kimoja. Dada wa Kishindo, yule anayemshonea joho, ambaye kwa matoleo mia moja tisini na tisa wasomaji waliona mikono yake tu, hapa ameinua kichwa kutoka kwenye cherehani, na kwa mara ya kwanza ana uso. Fundo la pembeni. Baka. Mwanya. Ni Wino, lakini Wino alivyo kwa mtu anayempenda: amechoka kidogo, anakaribia kucheka, anakata uzi kwa meno. Nyuma yake, mlangoni, kivuli kisicho na sura kinanyoosha mkono.

"Bosi alibisha," Penseli aliendelea. "Alisema utakasirika ukijiona umevaliwa na jambazi. Tulibishana saa nzima, kiti mlangoni. Nikamwambia dada yangu ataelewa. Na wewe ukaelewa mpaka ukanizidi. Ukanirudishia! Kwako mimi ndiye huyo mtu." Akaunyanyua ukurasa wa kwanza. "Nimempigia simu wifi yako. Nimemwambia, tazama dada yangu anavyoniamini."

Sasa hapo, msomaji, njia ilikuwa wazi. Angenyamaza tu. Angetabasamu, angesema ndiyo, mdogo wangu, na wote wangelala salama mpaka kufa. Wino aliliona hilo vizuri sana, na alilitamani. Lakini alimwona pia Penseli anaushika ule ukurasa kwa ncha za vidole ili asiuchafue, na roho ikamkataa.

"Mwalimu hakuniambia kitu," alisema.

"Basi Bosi."

"Hakuna aliyeniambia." Alivua miwani. "Nilidhani umesikia habari za yule mtu wa jarida lile. Aliniita mgahawani, akanipa kazi. Nilidhani unaniona mwizi. Nilidhani unanifukuza."

Penseli alitabasamu bado, kama mtu anayesubiri mzaha uishe. "Ile kazi uliyoikataa?"

"Ulijua?"

"Yeye mwenyewe alinilalamikia. Eti dada yako kichwa kigumu, kaacha hata chai. Wiki hiyohiyo ndipo nikaandika hiki kisa." Tabasamu lilikuwa linaisha polepole. Akauvuta ukurasa wa kumi na saba, akausogeza kwenye mwanga, na safari hii aliutazama kama mchoraji. Alitazama mdomo ule uliopindwa. "Kwa hiyo hii si shukrani."

"Hapana."

"Ni nini?"

"Ni hasira, mdogo wangu. Nilikuwa nakuchukia."

Wino alitaka Penseli apige kelele. Alitaka amtukane, wagombane kama zamani, warushiane raba. Penseli alihesabu kurasa tu.

"Toka ukurasa gani?"

"Wa pili."

"Siku sita," alisema. "Umekaa mbele yangu siku sita, Dada. Mimi ningekuuliza."

"Niliuliza ukurasa wa kwanza uko wapi."

"Hicho sicho ulichotaka kujua."

Mlango ukasukumwa, Bosi akachungulia. Gari la kiwanda cha uchapaji linakuja saa kumi, alisema, na kama kuna mtu ana mpango wa kuchelewa amwambie sasa. Akaziangalia sura zao, akauvuta mlango polepole, akaondoka bila kusema la pili, jambo ambalo halijawahi kutokea.

"Nisamehe," Wino alisema.

"Tuna saa nne na nusu," Penseli alisema. "Tutabandika viraka."

Kiraka ni dawa ya aibu katika kazi ile. Unachora kichwa kipya kwenye kipande cha karatasi, unakitia wino, unakikata kwa wembe kufuata ukingo, unakibandika juu ya kosa, na ukichapa hakionekani. Wametumia viraka mara nyingi, kwa vidole vilivyozidi vitano na buti zilizosahauliwa. Penseli alikata vipande tisa, akakaa mezani kwake, akaanza. Hakumwangalia dada yake hata mara moja. Wino alikaa, uso umemwelekea, akiusogeza kidogo kwenye mwanga kama mtu anayepigwa picha, mpaka akashindwa kuvumilia.

"Huniangalii?"

"Naogopa nitauchora ulivyo sasa."

Alimpitishia kiraka cha kwanza juu ya meza, kisha cha pili. Wino alitia wino uso wake mwenyewe mara tisa, kama adui, na hakuna alipopindisha mstari. Baka. Mwanya. Fundo. Mkono ulikwenda kama saa. Saa tisa kasoro vilikuwa vimebandikwa vyote, Mwalimu ameviona, amesema "vizuri," na amerudi chumbani kwake haraka kuliko umri wake unavyoruhusu.

Ilibaki ukurasa wa kwanza. Wino alisafisha brashi nzuri, ile ya nywele laini aliyoiweka kwa ajili ya nyuso. Akafungua chupa mpya. Akanyoosha mkono juu ya meza, kiganja juu, kama alivyonyoosha kila siku kwa miaka ishirini na miwili.

Penseli aliutazama ule mkono. Halafu akauvuta ukurasa kwake, akafungua droo, akatoa brashi kuukuu iliyokauka ncha, akaomba chupa ya wino. Aliiomba kwa adabu, tafadhali Dada, na Wino akaisukuma juu ya meza.

Hakujua kazi ile. Mstari wa shavu ulimtoka mnene, fundo la kilemba likavuja, na baka alilitia mara mbili. Alikaa karibu saa nzima ameuma ulimi, kama alivyokuwa akiuma alipokuwa mtoto. Wino aliona kila kosa kabla halijafika kwenye karatasi, na angeweza kuyazuia yote, na hakuambiwa ayazuie. Saa kumi kasoro dakika tano Penseli alichukua raba, akafuta penseli yake taratibu kwenye uso wa dada wa Kishindo, akaupuliza ukurasa, na kuupeleka kwenye gari mwenyewe.